Mwaka mpya wa kweli ni upi? Jibu kwa mfanyabiashara wa Kariakoo

Swali lililonifikia ni hili:

"Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya simu Kariakoo. Mwaka huu mzigo wangu umechelewa kwa sababu Wachina walifunga viwanda katikati ya Februari kwa ajili ya mwaka mpya wao, na mimi nilipanga kwa hesabu ya mwaka jana, walipofunga mwishoni mwa Januari. Jirani yangu wa dukani ni Mhabeshi, ananiambia kwao bado ni 2018 na mwaka utaanza Septemba. Bibi yangu wa Makunduchi, kule Unguja, mwaka wake ni Julai. Mimi mwenyewe ni Muislamu, na Muharram yangu haikai mahali pamoja. Sasa mwaka mpya wa kweli ni upi, na kwa nini mingine inahama na mingine imetulia?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo.

Mwaka mpya wa kweli haupo. Kila watu wana kitu wanachokingoja ndipo waseme mwaka umeingia: wengine mwandamo wa mwezi, wengine jua lifike mahali fulani, wengine mvua ikatike au upepo ugeuke. Ukishajua fulani anangoja nini, utajua papo hapo kama sikukuu yake itahama au itatulia. Na huu wa Januari mosi, ambao hukuuliza habari zake kwa kuwa unauona ndio wa kawaida, hauna unachokingoja angani. Nitaufikia.

Kwanza wako. Tangu mwezi uandame hadi uandame tena ni siku 29 na nusu na ushei, ndiyo maana mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30 na haujapata kufika 31. Miezi 12 ya namna hiyo inatoa siku 354, mara nyingine 355, wakati mwaka wa jua una 365. Pengo ni siku 11 hivi, na kalenda ya Hijria haiyafidii mapengo hayo. Basi Muharram hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka: 2025 iliingia mwishoni mwa Juni, mwaka huu inatarajiwa katikati ya Juni, mwakani mwanzoni mwa Juni. Ikishapita miaka 33 hivi inakuwa imezunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia. Watu wa umri wangu wanakumbuka mwaka 2000 tulivyosali Idi el-Fitri mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwaka 2030 Ramadhani nayo itaingia mara mbili, Januari na Desemba.

Usidhani hesabu iliwashinda. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi na kuisogezasogeza, na Kurani katika Sura At-Tawba, aya ya 36 na ya 37, ikakata shauri kwamba miezi ni 12 na mchezo huo uishe. Miaka yenyewe ilianza kuhesabiwa rasmi zama za Khalifa Umar, iliposhauriwa kwamba Hijra ya mwaka 622 iwe mwanzo wa hesabu na Muharram iwe kichwa cha mwaka. Mimi naona kuna uadilifu ndani yake. Mfungaji wa Dar anaipata Ramadhani ya joto la Februari, na akijaliwa umri ataipata ya kipupwe cha Julai. Mfungaji wa Ulaya naye hupata mchana mfupi na mchana mrefu kwa zamu. Hakuna anayebebeshwa msimu mbaya maisha yake yote.

Ila sisi wa pwani tuna ukaidi wetu. Wazee wanahesabu miezi tangu kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Maulidi ya Mfunguo Sita. Kwa hesabu hiyo Muharram ni Mfunguo Nne, mwaka umeshatembea. Labda ndiyo sababu siku hiyo hupita kimyakimya mitaani kwetu, watu wakatumiana ujumbe kwenye simu basi, na nguo mpya zikangoja Idi.

Wachina nao wanautazama mwezi huohuo unaoutazama wewe, na pengo lao ni lilelile la siku 11. Lakini kalenda yao ilikuwa pia ya mkulima, na mkulima hawezi kukubali sikukuu ya kuagana na baridi iangukie siku za kuvuna. Kwa hiyo wanaliacha pengo likusanyike, na likikaribia mwezi mzima wanalifidia kwa mkupuo: mwaka huo unapewa mwezi wa 13. Katika kila miaka 19 wanafanya hivyo mara 7. Mwaka wao huingia mwezi unapozaliwa, kwa kawaida mara ya pili tangu ile siku ya Desemba ambayo kwao mchana ni mfupi kuliko siku zote. Ndiyo maana sikukuu inahama, lakini haitoki nje ya uzio wake: kati ya 21 Januari na 20 Februari au hapohapo karibu.

Sasa angalia kilichokupata. Mwaka wao ulioanza 29 Januari 2025 ulikuwa na mwezi wa 13, kwani walirudia mwezi wa sita. Ukawa na siku 384, na mpya ukaanza 17 Februari 2026. Wewe ulitegemea tarehe ileile, ukapigwa na siku 19. Kanuni ya kukusaidia ni hii: baada ya mwaka wa kawaida sikukuu inarudi nyuma siku 10 hadi 12, baada ya mwaka wenye mwezi wa ziada inaruka mbele siku 18 hadi 20. Mwakani ni 6 Februari, 2028 ni 26 Januari, halafu 2029 itaruka tena hadi 13 Februari. Likizo ya serikali yao ni kama wiki moja hivi, lakini waulize wanaochukua mzigo Guangzhou na Yiwu watakwambia ukweli wa viwandani. Wafanyakazi wengi ni watu wa mikoani, wanaondoka mapema kwenda kwao kama Wachaga wanavyoihama Dar kila Desemba, na wakirudi hawarudi siku moja. Kiwanda kinaweza kulala majuma matatu. Serikali yao iliipokea Januari mosi tangu 1912, na mwaka wa jadi ukapewa jina la Sikukuu ya Majira ya Mchipuko, lakini anayepanda treni kwenda kumwona mama yake anajua mwaka ni upi.

Mtindo huu wa mwezi unaorekebishwa na jua unatumiwa na Wayahudi pia, ambao mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, na Wahindu wengi. Huu wa Wahindu huhitaji hata pasipoti. Pita Kisutu siku za Diwali, Oktoba au Novemba, uone wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat wakifungua daftari mpya za hesabu na kuziombea baraka kwa Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali na neema, kabla hazijaandikwa senti moja. Siku hizi wapo wanaoweka kompyuta mahali pa daftari. Kesho yake ndiyo mwaka mpya wao. Kama kuna mwaka mpya unaomfaa mtu wa duka, naona ni huo.

Jirani yako Mhabeshi hangoji mwezi kabisa. Kalenda yake ni ya jua na ni nyoofu kuliko hii yetu ya ukutani: miezi 12, yote ina siku 30, halafu mwezi mdogo wa 13 unaoitwa Pagume, wenye siku 5, au 6 kila mwaka wa nne. (Muulize kama wenye nyumba kule hudai kodi ya Pagume.) Mwaka wao, Enkutatash, huangukia 11 Septemba, au 12 Septemba ikiwa mwaka wetu unaofuata ni mwaka mrefu. Ni wakati mvua kubwa za Juni hadi Agosti zinakatika kwenye nyanda zao za juu na maua ya njano ya adey abeba yanafunika vilima. Wasichana hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa chochote.

Kuhusu hiyo 2018: wataalamu wa kanisa la kale walikokotoa mwaka wa kuja kwa Yesu kwa hesabu zisizolingana. Ile ya mtawa Dionysius Exiguus, aliyefanya kazi Roma karne ya 6, ikashika Ulaya na baadaye dunia. Ile ya Aleksandria ikabaki Ethiopia, na hizo mbili zinapishana miaka 7 au 8 kutegemea mwezi uliopo. Ndiyo maana Wahabeshi waliusherehekea mwaka 2000 wao Septemba 2007, sisi tukiwa tumeshausahau wetu. Na kabla hujamcheka, kumbuka ndiye jirani anayehesabu saa kama wewe: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na baada yake ni saa moja. Mataifa yanayoelewana kwa saa namna hiyo hayapo mengi.

Sasa bibi yako, na hapa utanivumilia maana napapenda.

Mwaka wa Waswahili wa kale ulikuwa na siku 365 kamili, wala hauongezwi siku. Uligawanywa kwa miongo 36, kila mwongo siku 10, zikabaki siku 5 za mwisho. Siku ya kwanza ni Nairuzi, au Siku ya Mwaka, na kuanzia hapo nahodha wa jahazi na mkulima walihesabu kwa makumi: hapa kusi inashika, hapa inalegea, hapa kaskazi inaanza, hapa ardhi iwe imeshatifuliwa kabla ya mvua. Hijria ilishika ibada, hii ikashika bahari na shamba, na mtu mmoja alizibeba zote mbili kichwani bila kuchanganyikiwa.

Jina Nairuzi limetoka Uajemi pamoja na hesabu yenyewe, kwani Waajemi wa kale nao walikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza. Tatizo ni kwamba jua halimalizi mwaka wake kwa siku 365 kamili. Linahitaji robo ya siku zaidi, pungufu kidogo. Usipoifidia robo hiyo, mwaka wako unateleza siku moja kila baada ya miaka minne. Waajemi walichoka kuteleza. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik-Shah, jopo la wanajimu, Omar Khayyam akiwemo, liliufunga mwaka kwenye ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana. Hadi leo Nowruz ya Iran huingia 20 au 21 Machi, na haiingii saa sita usiku. Inaingia dakika ileile jua linapovuka mstari wa ikweta, hata iwe saa tisa usiku au saa nne asubuhi. Familia inakaa kuzunguka meza yenye vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi sin, miongoni mwake siki, kitunguu saumu, tufaha na ngano iliyochipuzwa kwenye sahani, wakingoja redio au televisheni itangaze.

Huku kwetu hakuna aliyeufunga. Nairuzi ya Makunduchi iliendelea na siku zake 365, ikateleza na kuteleza, na leo tunaikuta Julai. Kila miaka mia inarudi nyuma siku kama 24, kwa hiyo mababu wa karne ya 19 waliuoga mwaka wao mwezi Agosti, na ikiendelea hivihivi vilembwe wa bibi yako watauoga Juni. Hatuko peke yetu katika hilo. Waparsi, Wazoroastri waliohamia India na baadhi yao wakafika Unguja, wengi wao hawakuirekebisha pia, na mwaka wao huangukia Julai au Agosti kutegemea wanafuata tawi gani. Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alitoka kwenye familia za namna hiyo.

Kama hujawahi kwenda na bibi, nenda. Watu huoga baharini, na ndiyo maana ya kusema mwaka unakogwa. Kisha wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani wakiwa na magogo ya migomba na kupigana kwelikweli, huku wakirushiana maneno ya mwaka mzima: shamba lililovamiwa, mbuzi aliyeingia kwenye mihogo, posa iliyokataliwa. Gogo la mgomba ni laini, linapasuka na kurusha maji, halivunji mbavu kwa urahisi. Ukishapigwa na kupiga, la jana halitajwi tena. Baadaye kinachomwa kibanda cha makuti, mtu akiwa ameingia ndani na kuchomoka upesi moto ukishika, na wazee huutazama moshi unaelekea wapi. Wanawake wakiwa na kanga zao nzuri huzunguka wakiimba, na baadhi ya nyimbo hizo ni kali, zinamtaja mtu bila kumtaja. Na kila nyumba inataka mgeni mezani, kwa sababu kuuingia mwaka bila mgeni ni mkosi. Wewe unayetoka Dar unatosha.

Nimeahidi kuifikia Januari mosi. Roma ya kale ilikuwa na viongozi wakuu wawili, makonsuli, waliochaguliwa kila mwaka na kuingia ofisini katikati ya Machi. Mwaka 153 KK kulikuwa na vita Hispania, na kungoja Machi ndipo konsuli ashike madaraka kukaonekana ni kuchelewa. Wakasogezwa, wakashika madaraka Januari mosi, na ikabaki hivyo. Basi. Mwezi haukuandama, mvua haikukatika, hakuna kilichovunwa. Ni tarehe ya watu kuanza kazi ofisini.

Julius Caesar alipoipanga upya kalenda alilazimika kuufanya mwaka 46 KK uwe na siku 445 ili misimu irudi mahali pake, kisha akaanza upya 45 KK na mwaka wa siku 365 na robo. Robo hiyo ilikuwa kubwa mno kwa dakika kama 11, zikajikusanya karne kwa karne, hadi Papa Gregori XIII mwaka 1582 akafuta siku 10: watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15.

Hata hivyo Ulaya yenyewe haikuipenda Januari mosi haraka. Wakristo wengi wa zamani waliiona ni ya kipagani, wakaanza mwaka Krismasi, au Pasaka, au 25 Machi, siku Maria alipopashwa habari. Waingereza waling'ang'ania 25 Machi hadi karne ya 18. Mwaka wao 1751 ulianza 25 Machi ukaisha 31 Desemba, siku 282 tu, na mwaka uliofuata wakafuta siku 11 za Septemba ili kumfikia Papa. Mabaki ya Machi yale bado yapo: mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili. Warusi walikuwa wakianza Septemba mosi mpaka Peter Mkuu alipowahamisha mwaka 1700, na kwa kuwa walichelewa kuifuata kalenda ya Papa hadi 1918, wapo wanaosherehekea mara ya pili tarehe 14 Januari.

Kisa cha Japani ndicho ninachokipenda zaidi, na wewe unayelipa wafanyakazi utakielewa. Mwishoni mwa 1872 serikali ilitangaza ghafla kwamba siku ya pili ya mwezi wa 12 itafuatwa na 1 Januari 1873. Hazina ilikuwa hoi, watumishi walikuwa wanalipwa kwa mwezi, na kalenda ya zamani ingeupa mwaka ule mpya mwezi wa 13. Kwa kuhama kalenda serikali ilikwepa mshahara wa mwezi huo wa ziada, na ile Desemba ya siku mbili nayo haikulipwa.

Kwetu ililetwa na ofisi za Wajerumani, zikafuata za Waingereza, tukabaki nayo kwa sababu shule, mishahara na mikataba yote imefungwa humo. Na hata serikali yetu haiifuati kwa kila kitu: mwaka wake wa fedha huanza 1 Julai, ndiyo maana Juni nzima masikio yako Dodoma kwenye bajeti. Sisemi tuidharau. Makanisa yakiwa yamejaa mkesha, honi zikilia Sinza hadi Mbagala na vijana wakichoma matairi ambayo polisi wamekataza, furaha ni ya kweli. Ila hiyo saa sita usiku nayo ni ya kupangwa. Wakati Dar ni saa saba mchana wa 31 Desemba na wewe bado unauza chaja, kisiwa cha Kiritimati katika nchi ya Kiribati tayari wameshaingia. Nchi hiyo iliusogeza mstari wa tarehe mwaka 1995 ili visiwa vyake vyote viwe na siku moja. Samoa ya Marekani wanaingia sisi tukiwa saa nane mchana wa Januari mosi, pilau limeshaliwa. Na kwa hesabu ya wazee wetu, siku huanza magharibi jua likizama, kwa hiyo watu wakirusha baruti mwaka una saa sita tayari.

Kwa daftari la dukani, andika hizi za 2027. China ni 6 Februari, kwa hiyo oda kubwa iwe imelipiwa Novemba na mzigo utoke kiwandani kabla ya katikati ya Januari. Muharram ya 1449 ni kama 6 Juni, mwandamo ukithibitisha. Makunduchi ni Julai, na siku yenyewe bibi atakutajia kabla ya simu yako. Ethiopia wataingia mwaka 2020, na kwa kuwa 2028 yetu ni mwaka mrefu, Enkutatash itakuwa 12 Septemba. Ukimpelekea jirani pongezi tarehe 11 utamkuta bado yuko Pagume.